Santiago Erevia, miaka 45 kusubiri

Jamani jana usiku nimeangalia video ya Ikulu ya Marekani ya Machi 2014, Obama anamvisha Santiago Erevia Medali ya Heshima, ile kubwa kuliko zote jeshini kwao, nikalia kabisa. Huyu mzee alikuwa Mmarekani wa Texas mwenye asili ya Meksiko, askari wa mawasiliano ya redio kwenye vita ya Vietnam, tarehe 21 Mei 1969 karibu na Tam Ky kaachwa kuhudumia majeruhi, risasi zinatoka kwenye mahandaki manne, akachukua bunduki na mabomu ya mkono ya wenzake akayafuata hayo mahandaki moja moja mpaka akayanyamazisha yote!! Wakampa medali ya ngazi ya pili, akarudi San Antonio kugawa barua. Ni mpaka Bunge la Marekani liliposema mafaili ya wanajeshi Walatino na Wayahudi yaangaliwe upya kuona kama walibaguliwa, wakakutwa kibao walionyimwa Medali ya Heshima, na wengi walishakufa. Inauma sana