Kuifundisha syslogd kuandika kwenye hifadhidata bila kuigandisha seva

syslogd ndiyo programu inayopokea kumbukumbu, yaani taarifa za kilichotokea, kutoka kwa programu nyingine na kuziandika kwenye mafaili. Mimi nilitaka iziandike kwenye hifadhidata pia. Sina ugomvi na grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili. Maswali mengi ya kazini inayajibu papo hapo, na faili la maandishi halihitaji nenosiri wala seva ya pili ili lisomeke. Ila kulikuwa na swali moja lililokuwa likinirudia: ni anwani zipi zilizojaribu kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwa mbali) kwenye seva zaidi ya tatu ndani ya dakika kumi? Kwa faili unaunga zcat, awk, sort na uniq hadi amri yenyewe inahitaji maelezo, na mtu akiuliza jambo hilohilo kwa kuligeuza kidogo, unaanza upya. Kwa SQL, lugha ya hifadhidata, ni GROUP BY na HAVING, kazi imekwisha.

Kabla hujaniandikia: najua rsyslog ipo. Mwaka 2004 Rainer Gerhards aliichukua sysklogd, syslogd ya Linux, akaanza kuijenga upya kuwa rsyslog, na kuandika kwenye hifadhidata ya MySQL ni miongoni mwa mambo ya mwanzo aliyoyaongeza. Kama haja yako ni kumbukumbu ziingie kwenye jedwali tu, sakinisha rsyslog pamoja na moduli yake ya ommysql au ompgsql, uendelee na shughuli zako. Mimi nilikuwa na seva za zamani zenye sysklogd, na utaratibu wa kazini unakubali kiraka (badiliko dogo la msimbo) kilichokaguliwa lakini haukubali kifurushi kipya. Sikulalamika sana. Nilikuwa natafuta kisingizio cha kuisoma syslogd toka juu mpaka chini.

Na inasomeka vizuri. Asili ya syslog ni kazi ya Eric Allman, aliyeianzisha miaka ya 1980 kama sehemu ya mradi wa Sendmail, na mifupa ile bado inaonekana. Funksheni ya cfline inasoma mstari mmoja wa syslog.conf na kuujaza kwenye muundo unaoitwa filed. Ujumbe ukifika, printline inachomoa namba iliyo kati ya alama < na >, logmsg inaamua nani apewe, fprintlog inaandika. Namba yenyewe ni kundi la chanzo mara 8, jumlisha uzito: <38> ni kundi la 4, yaani auth, na uzito wa 6, yaani info. Ndani ya fprintlog kuna switch moja ndefu juu ya f_type, yaani aina ya mahali pa kuandika, yenye F_FILE, F_TTY, F_FORW, F_PIPE na wenzake. Kuongeza F_DB, aina yangu ya hifadhidata, hapo hakuumizi kichwa. Kwenye faili la mipangilio niliazima alama ya rsyslog:

*.info;local0.none    >localhost,kumbukumbu,mwandishi,nenosiri

Hiyo local0.none ina kisa chake, nakifikia.

Mtu mwenye busara angeuliza kwa nini nisitumie paipu. syslogd tayari inajua kuandika kwenye paipu yenye jina, kwa hiyo unaweza kuweka upande wa pili programu ndogo inayosoma na kuingiza kwenye jedwali, bila kugusa mstari hata mmoja wa C. Nililipenda wazo hilo mpaka nikaenda kusoma linavyofanya kazi. Kwenye Linux paipu hubeba KB 64 kwa kawaida, na ikijaa, fprintlog inapata EAGAIN, kosa la "jaribu tena baadaye". Hapo msimbo wa sysklogd una maoni ya mwaka 1996 yanayosema, kwa ufupi, paipu ikijaa tuupuuze ujumbe kwa sasa. Unapotea kimyakimya, hauhesabiwi popote. Kupoteza ujumbe naweza kuvumilia. Kutojua kwamba umepotea, hapana.

Toleo la kwanza la kiraka nililiandika kijinga kwa makusudi, nione litavunjikia wapi: unganisha na hifadhidata ya PostgreSQL, kisha ita PQexec, funksheni inayotuma SQL na kusubiri jibu, moja kwa moja ndani ya fprintlog. Kwenye mashine ya majaribio lilienda vizuri. Nikaiambia PostgreSQL nayo itume kumbukumbu zake kwa syslog, log_statement ikiwa 'all' (andika kila amri ya SQL), kama ambavyo watu wengi hufanya wakitafuta amri za SQL zinazochelewa.

Cha kwanza kilichotokea kilikuwa kitanzi. Kila INSERT inazaa mstari wa kumbukumbu, mstari huo unazaa INSERT nyingine, na hiyo nayo ina lake la kusema. Diski ilianza kufanya kazi kama ya watu kumi. Cha pili kilikuja muda mfupi baadaye na ndicho kibaya: kimya. Niliandika su, amri ya kubadili mtumiaji, kwenye konsoli, nikaweka nenosiri, kishale kikabaki kinapepesa. SSH mpya haikuingia. Kwa bahati kulikuwa na ganda la root lililokuwa wazi tangu mapema, nikaita strace -p, inayoonyesha mchakato unaomba nini kwa kerneli, kwenye michakato miwili. syslogd ilikuwa kwenye poll, ikisubiri PostgreSQL ijibu. Mchakato wa PostgreSQL wenye jibu hilo ulikuwa kwenye sendto, ukisubiri nafasi kwenye /dev/log, mlango ambao programu huutumia kutuma ujumbe kwa syslogd. Na anayepaswa kuisoma /dev/log ni nani? syslogd. Kila mmoja amemshikia mwenzake mlango, akisema pita wewe kwanza.

/dev/log ni soketi ya datagramu, na Linux ina kikomo cha ujumbe unaoweza kusubiri kwenye soketi ya aina hiyo. Ni net.unix.max_dgram_qlen, ambayo kerneli ikiachwa yenyewe huiweka 10. Kumi tu! Foleni ikijaa, anayetuma anasimama. Kwa hiyo haigandi PostgreSQL peke yake: su, sshd, cron, yeyote anayeita syslog() anajiunga na mstari. Hifadhidata ikichelewa kujibu, watu hawawezi kuingia kwenye seva kuona kwa nini imechelewa.

Kitanzi kina dawa rahisi. PostgreSQL hutumia kundi la local0 kama hukuibadilishia, na local0.none kwenye mstari wa hifadhidata inakikata. Kumbukumbu za PostgreSQL zinabaki kwenye faili. Kuganda ndiko kulikonifanya niandike kiraka upya, na tangu hapo nimekuwa na sharti moja ambalo siliuzi: syslogd haimsubiri mtu. Isubiri kerneli kidogo inapoandika faili, sawa, lakini mtandao, maktaba ya hifadhidata, utafutaji wa jina la seva, hivyo vyote vitoke nje ya mchakato huo.

Nyuzi (threads) nilizikataa mapema. syslogd ya zamani imejaa vigeu vya static na inaendeshwa kwa ishara: SIGHUP ya kusoma mipangilio upya, SIGALRM ya kuamsha domark, funksheni ya kazi za kila kipindi. Kupanda nyuzi kwenye shamba hilo ni kujitafutia usiku mrefu. Nilichofanya ni fork, yaani mchakato kuzaa mchakato wa pili. Mzazi anafungua socketpair (jozi ya soketi zilizounganishwa) ya SOCK_SEQPACKET, inayohifadhi mipaka ya kila ujumbe, anamzaa mtoto, na mtoto ndiye pekee anayeijua PostgreSQL. Mzazi anaandika kwa MSG_DONTWAIT, yaani bila kusubiri. Nafasi ikikosekana anaongeza kihesabio na kuendelea. Nafasi ikipatikana, anatanguliza ujumbe mmoja unaosema ni mingapi imeachwa. Ujumbe wenyewe haujapotea, upo kwenye faili, maana mstari wa faili haukuondoka kwenye syslog.conf. Jedwali ni nakala ya kutafutia, na likikatika naliziba baadaye kwa kusoma faili.

Mtoto ana adabu zake. Anafunga /dev/log na soketi ya UDP 514 (bandari ya kupokea syslog kutoka mtandaoni) alizorithi, la sivyo zitaendelea kushikiliwa hata mzazi akiondoka. Haiti syslog() kamwe, hata kwa dharura. Malalamiko yake yanakwenda kwenye faili lake. Akisoma EOF (mwisho wa data) anamalizia alichonacho na kufa, na hivyo SIGHUP ikawa rahisi: mzazi anafunga soketi, anazaa mtoto mwingine. Hafungi muamala kwa kila mstari, kwa sababu kila COMMIT inailazimisha diski iandike kweli. Anakusanya mpaka mistari 500 au sekunde moja, chochote kitakachotangulia. Muunganisho ukikatika anasubiri sekunde moja, mbili, nne, hadi dakika 3, muda uleule ambao sysklogd imeutumia siku zote kabla ya kujaribu tena seva ya mbali isiyojibu.

Kuhusu kuunda INSERT kwa sprintf, yaani kubandika maneno ya ujumbe ndani ya SQL: usifanye. Mtumiaji yeyote wa mashine anaweza kuita logger, amri ya kutuma ujumbe kwa syslog, na kuandika apendacho. UDP 514 inapokea kutoka kwa yeyote aliyefika kwenye bandari. Hata mtu asiye na akaunti anaandika kwenye kumbukumbu zako, kwa kuwa sshd huweka jina alilojaribu kuingia nalo ndani ya mstari wa "Invalid user". Tumia PQprepare na PQexecPrepared, thamani zipite kama vigezo, na akaunti ya hifadhidata ipewe ruhusa ya INSERT tu. Syslog.conf mara nyingi husomeka na kila mtu, na sasa ina nenosiri, kwa hiyo iwe 0600, isomwe na mwenyewe tu.

Lililonikalisha zaidi ni la herufi. Kulikuwa na mafungu mazima yaliyokataliwa, PostgreSQL ikidai baiti zisizo halali za UTF-8 (usimbaji wa herufi), na kwa kuwa kosa moja linaangusha muamala wote, mstari mmoja mchafu ulikuwa ukiondoka na wenzake wazima. Nilidhani ni kifaa fulani cha mtandao kinachotuma takataka. Kumbe ni syslogd. Kwenye printline, kila baiti inayofanana na herufi ya udhibiti ikiondolewa biti ya juu inageuzwa kuwa oktali, na hilo linazikamata baiti za 0x80 hadi 0x9f. Alama ya nukuu iliyopinda, ile ambayo gcc hupenda kuitumia, ni baiti E2 80 99. Mbili za mwisho zinageuka \200\231, E2 inabaki yatima, na PostgreSQL ina haki ya kuikataa. Nimerekebisha printline iache UTF-8 halali ipite, na mtoto anakagua tena kabla ya kutuma. Fungu likikataliwa hata hivyo, analirudia mstari kwa mstari ili aliyeharibika aanguke peke yake.

Mengine yalikuwa madogo. Ile tabia ya kufupisha kwa "last message repeated" inaharibu COUNT(*), kwa hiyo nimeizima kwa F_DB na kuiacha kwenye faili, ambako inapendeza. Tarehe ya mtindo wa zamani, uliokuja kuandikwa kwenye waraka wa kiufundi wa RFC 3164 mwaka 2001, haina mwaka wala saa za eneo, na logmsg inaitambua kwa kuangalia tu kama nafasi na nukta pacha zimekaa mahali pake. Nachukua mwaka wa seva inayopokea. Tarehe ikitokea kuwa zaidi ya siku moja mbele, napunguza mwaka. Ujumbe wa Desemba 31 unaochelewa kufika ndiyo sababu. Na kwa kuwa saa za watumaji siziamini, kuna safuwima ya pili ya muda wa kupokelewa, na indeksi imewekwa hapo.

Jedwali limegawanywa kwa mwezi. Kufuta miezi ya zamani kwa DELETE kulichosha diski na kuacha kazi nyingi kwa VACUUM, usafishaji wa PostgreSQL. Sasa naondoa kipande kizima kwa DROP TABLE. Kinachofuata ni muundo wa RFC 5424, wenye mwaka na saa za eneo ndani ya tarehe, ila hapo printline itabidi iandikwe karibu yote upya, na sijaamua kama kiraka bado kitastahili kuitwa kidogo na wakaguzi.