Nilivyofanyiwa upasuaji wa sainasi kwa kamera, na kazi iliyofuata

Fomu ya ridhaa niliyopewa nisaini ilitaja macho na ubongo, na mimi nilikuwa nimekwenda kutibiwa pua. Nikairudisha mezani.

Daktari hakunibeza. Alifungua picha zangu za CT kwenye kompyuta, akaniambia nisogee. "Mwalimu, hapa hewa ni nyeusi na mfupa ni mweupe. Sasa nionyeshe weusi uko wapi kwenye mashavu yako." Sikuuona. Pande zote mbili zilikuwa zimejaa kijivu, na katikati ya macho hivyo hivyo. Halafu akanionyesha ukuta wa mfupa unaotenganisha sainasi, yaani uwazi wa hewa ndani ya mifupa ya uso, na jicho; ni mwembamba kama ganda la yai. Ndiyo maana fomu inataja macho. Madhara hayo ni nadra, alisema, ila mgonjwa anatakiwa kuyajua kabla ya kulala mezani. Nikasaini.

Wenzangu shuleni walisema nina nyama za pua, na kwa kweli hawakukosea. Usiku makamasi mazito yalishuka kooni, na nikiinama kusahihisha madaftari uso wote unakuwa mzito. Nilijifukiza mkaratusi na mchaichai mpaka mke wangu akachoka kuchemsha. Nilitumia matone ya kuzibua pua, yale ambayo hayafai kuzidi siku chache kwa sababu pua huyazoea na kuziba zaidi. Daktari wa masikio, pua na koo alianza na kuosha kwa maji ya chumvi, dawa ya steroidi ya kupuliza puani, ya kupunguza uvimbe, na antibiotiki. Nilipata nafuu, lakini uwezo wa kunusa harufu, uliokuwa umenipotea, haukurudi. Kilichonifanya nikubali upasuaji ni mtungi wa gesi: ulivuja jikoni, mimi nimesimama pembeni yake nakata vitunguu, na aliyepiga kelele ni mtoto aliyekuwa sebuleni.

Nyumbani walipinga kwa sababu ya mjomba. Yeye alipasuliwa zamani kupitia fizi, juu ya meno, akavimba uso, na bado makamasi hayakuisha. Nilipomweleza daktari, akanifafanulia jambo ambalo ningependa mjomba angelielezwa enzi zile. Tundu la kutolea uchafu kwenye sainasi ya shavu liko juu, si chini, na vinyweleo vidogo mno ndani yake husukuma ute kuelekea tundu hilo hilo. Ukitoboa tundu jingine chini, vinyweleo havijali, vinaendelea kupeleka ute kule kule juu. Walter Messerklinger wa Graz, Austria, aliichunguza njia hiyo ya ute kwa miaka mingi, na ndiyo msingi wa upasuaji wa sasa: endoskopu, mrija mwembamba wenye taa na kamera, unaingia puani, vinyama vinaondolewa, na tundu la asili linapanuliwa. Uso haukatwi popote.

Kibali cha bima kilichukua muda, hayo tuyaache. Upasuaji wenyewe sina la kusimulia, nilikuwa kwenye nusu kaputi. Niliamka napumua kwa mdomo, pamba zimejaa puani. Masharti yakaanza: usipenge, chafya ipige mdomo wazi, lala kichwa kikiwa juu ya mito, usinyanyue ndoo, usinywe aspirini. Wiki ile ya kwanza pua ilikuwa imeziba kuliko kabla ya kupasuliwa, na kama nisingekuwa nimeonywa ningeamini nimeharibiwa.

Kisha kuosha. Hiki ndicho ninachowaambia wanaoniuliza, kwa sababu wengi wanadhani ukishatoka hospitali umemaliza. Unainama juu ya karai, kichwa upande, mdomo wazi, unaminya chupa taratibu. Maji yanaingia tundu moja na kutokea la pili. Maji yawe yamechemshwa yakapoa, kwani yapo maji yenye amiba ambaye akipita puani huweza kufika kwenye ubongo. Chumvi iwe isiyotiwa madini joto. Jioni moja lilitoka gamba la kahawia refu la kutosha kumwita mke wangu aje alione, naye hakunishukuru. Kliniki, daktari aliyavuta yaliyobaki kwa koleo jembamba huku akitazama kwa kamera. Hapo machozi yalinitoka. Kwangu hilo lilizidi upasuaji.

Harufu ilirudi kwa vipande, na kwa kuwa mimi ni mlezi wa bweni la wavulana, mapokezi yalikuwa ya soksi. Sikulalamika.

Dawa ya kupuliza naendelea nayo. Mama mkwe huuliza, "Si ulishapasuliwa, sasa hizo za nini tena?" Namwambia kisu kimeondoa vinyama na kupanua njia, ila uvimbe uliovizaa haukatwi kwa kisu, na dawa sasa inafika ndani kulikokuwa kumezibwa. Hajaridhika. Nikipata mafua ya kawaida naongeza kuosha, na kila asubuhi nanusa kopo la kahawa, kwa sababu kwa wenye vinyama kama mimi daktari alitaja kufifia kwa harufu kuwa dalili ya mapema ya kurudi kliniki.