Up! ya Shania Twain: kijani au nyekundu?

Jioni hii ni Up! tu, albamu ya Shania Twain, mwimbaji wa kantri kutoka Kanada: diski ya kijani na nyekundu kwa zamu, wimbo kwa wimbo.

Ilitoka Novemba 2002, nyimbo 19. Mutt Lange, prodyuza aliyewahi kuwarekodi bendi ya roki ya AC/DC, alizipika mara tatu: kijani ni kantri, nyekundu ni pop, buluu ina midundo ya Kihindi. Marekani na Kanada walipata kijani na nyekundu. Kwingineko, nyekundu na buluu.

Maneno ni yaleyale. Kinachobadilika ni vyombo.

Sikilizeni pale Shania anapovuta pumzi mwisho wa mstari.

Kwenye kijani, fidla au gitaa la stili (lile la sauti ya kuteleza) humjibu. Kwenye nyekundu, pengo hilohilo hujazwa na gitaa la umeme au kinanda. Hapo ndipo wasanii wengi wa kantri wanaotaka pop hukwama: wanatoa fidla, wanaongeza ngoma, pengo linabaki tupu, wimbo unapwaya.

Wiki ya kwanza Marekani iliuza nakala 874,000!

Ila banjo ya ile kijani… bado inalia masikioni.

Nyie mnachukua ipi?