Kwa Malkia Medb, magharibi ya Ireland

Tulitoka Dublin asubuhi na manyunyu, mimi na mshkaji wangu mwenye gari, mpaka Tulsk huko kaunti ya Roscommon. Hapo ndo Rathcroghan, makao ya kale ya wafalme, ila usitegemee kasri, hamna hata ukuta, ni tuta kubwa la udongo lenye nyasi, upana kama mita 90 hivi, katikati ya malisho. Hadithi ndo inaanzia hapo: Medb malkia wa Connacht, ufalme wa kale wa magharibi, yuko kitandani na mumewe Ailill, wakaanza kubishana nani ana mali zaidi, ikabidi vitu vyote viletwe vihesabiwe, ndoo, pete, kondoo, nguruwe, wakatoka sare isipokuwa fahali mmoja mweupe wa Ailill. Na huyo fahali alizaliwa kwenye zizi la Medb jamani, akahama kisa hataki kumilikiwa na mwanamke! Mama akapeleka jeshi Ulster, ufalme wa kaskazini, kumfuata fahali wa kahawia wa Cooley.

Karibu na hapo kuna pango la Oweynagat. Mdomo wake mdogo, unaingia kwa kuburuza makalio, tope tupu, ila ukimulika tochi ya simu kwenye jiwe la juu unaona mikwaruzo ya ogamu, maandishi ya kale ya Ireland, inayosema "ya Fraech mwana wa Medb".

Wataalamu wengi wanasema kabla ya kuwa malkia kwenye hadithi alikuwa mungu wa kike wa ardhi, mfalme hatawali mpaka amuoe. Kule Tara, kilima cha wafalme wa kale wa Ireland, yupo Medb mwingine, Lethderg, aliolewa na wafalme 9. Mi nikakubali hapohapo, maana Medb wetu alitaka mume asiye bahili, asiye mwoga, asiye na wivu, sasa hayo si masharti ya kazi ya ufalme kabisa? Watawa walioandika baadaye wakaona mwanamke mkorofi tu mwenye wanaume wengi.

Mchana tukapanda kilima cha Knocknarea, kaunti ya Sligo, mita 327, upepo unakupiga makofi. Juu kuna rundo la mawe, kimo mita 10, wenyeji wanasema kazikwa humo kasimama akiwatazama maadui wa Ulster. Kaburi lenyewe ni la zama za mawe na halijawahi kuchimbwa.

Kifo chake sasa: anaoga kwenye ziwa Lough Ree, mpwa wake Furbaide akamtwanga kwa kombeo, risasi yenyewe kipande cha jibini kikavu. Mshkaji aliposikia akaiangalia sandwichi yake ya jibini, akaimalizia.