Siku yangu moja na kidude cha kutawazia safarini

Saa 11 na nusu alfajiri

Niko Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na siendi popote. Mabasi ya Mbeya, Songea na Mwanza yanapakia. Wapiga debe wameshanizoea, hawanivuti tena mkoba. Nimebeba daftari, chupa tupu kadhaa na kidude cha plastiki rangi ya chungwa kinachoingia kwenye mdomo wa chupa.

Nasoma uhandisi mitambo, mwaka wa nne, na hicho kidude ndiyo projekti yangu ya kumalizia chuo. Unakichomeka kwenye chupa ya maji ya kawaida, unaigeuza chupa kichwa chini, unaibinya, maji yanapita kwenye mdomo wa kidude wenye mwinamo na kuruka kwenda juu. Ni cha kutawazia. Umeshuka kwenye basi kuchimba dawa, au umeingia choo ambacho kopo lake hutaki hata kulitazama, unatoa chako mkobani.

Nilipoitaja mada hii darasani wanaume walicheka. Wanawake waliuliza kitauzwa bei gani.

Stendi nakuja kwa sababu wenye shida wako hapa. Dar mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, siku nzima uko kitini. Anayekwenda Mbeya atakatiza Hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50 hivi ambazo huwezi kumwomba dereva asimame ukachimbe dawa, labda uwe umeelewana na simba. Basi watu wanafanyaje? Hawanywi maji. Wanawake wengi ninaoongea nao hapa wanaanza kujinyima tangu jana yake usiku, na kujinyima maji huko ndiko kunakokaribisha U.T.I.

Leo nimempata mama wa makamo anayekwenda Makambako. Shikamoo, marahaba, nikamweleza, nikampa chupa yenye kidude na kifuniko chake. Hakuona haya hata kidogo. Alisimama pembeni ya mizigo yake, mkono wa kushoto akakusanya kanga kama vile amechuchumaa kichakani, wa kulia akashika chupa. Akatulia. Akanitazama.

"Mwanangu, huku nimeshika kanga, huku nimeshika chupa. Hicho kifuniko nakifungua na meno?"

Nyumbani mkono wa kulia humwaga maji, wa kushoto husafisha. Kichakani wa kushoto una kazi nyingine: kushika kanga, kushika mlango usio na komeo, kushika simu inayomulika. Kwa hiyo kila kitu lazima kifanyike kwa mkono mmoja, tena ule ule ulioshika chupa. Sentensi hiyo nimeiandika kwa herufi kubwa na kuichora mstari.

Saa 2 asubuhi

Foleni ya Morogoro Road. Tuendelee.

Saa 3 na nusu

Karakanani chuoni. Kazi ya kwanza ni kupima midomo ya chupa kwa venia, kile kipimio cha taya cha kupimia vipenyo. Ukiziangalia tu utadhani shingo za chupa zote ni sawa. Chukua kifuniko cha soda ujaribu kukifunga kwenye chupa kubwa ya maji, utaona. Shingo ya chupa ya soda ina kipenyo cha nje cha milimita 27 na ushei ukipima juu ya hesi, ile mistari ya kufungia. Viwandani shingo ya siku hizi inaitwa PCO 1881. Iliyoitangulia, PCO 1810, ilikuwa ndefu zaidi na hesi zake zimeachana zaidi. Waliifupisha ili kila chupa ile plastiki kidogo. Chupa za maji ni habari nyingine: kati ya nilizookota, nyingi zina mdomo mpana wa karibu milimita 30, na hesi zake ni fupi.

Nikitengeneza kidude cha kufunga kwa hesi, itabidi niamue ni chupa ipi. Na abiria hachagui chupa, ananunua iliyopitishwa dirishani. Ndiyo maana changu hakina hesi kabisa. Ni kizibo chembamba chini, kinene juu, kuanzia milimita 20 hadi 26, chenye mikunjo mitatu ya mpira inayokaba ukuta wa shingo kwa ndani. Kinaingia soda, kinaingia maji, hata chupa ya mafuta ya kula kinaingia.

Kasoro ya kizibo ni kwamba ukibinya kwa nguvu na mkono umelowa, kinaweza kuruka. Fundi wa karakana, mzee ambaye ameona projekti nyingi kuliko walimu wetu, alinishauri nisiongeze unene bali nipunguze presha: toboa matundu yanayopitisha maji vizuri, mtu hatakuwa na haja ya kubinya kwa hasira.

Saa 5

Sasa kifuniko. Watu wakisikia "kudizaini" wanadhani ni kukaa mbele ya kompyuta. Mimi naanza na sabuni ya mche. Inachongeka kwa kisu cha jikoni, haipasuki ovyo, ni rahisi, na ukikosea unafulia. Nimechonga kichwa cha kidude chenye bonde dogo ubavuni, nikakishika chupani, nikafumba macho na kutafuta bonde kwa kidole gumba. Lilikuwa chini mno. Nikachonga tena juu zaidi, nikampa fundi naye afumbe macho. Gumba lake nene kama hirizi halikutosha. Nikapanua.

Ndipo nikafungua kompyuta. Natumia Autodesk Fusion, programu ya kuchorea maumbo, wanafunzi tunaipata bure. Uzuri wake ni kwamba vipimo unavipa majina: upana wa bonde, unene wa ukuta, mwinamo wa mdomo. Ukibadilisha kimoja, umbo zima linajipanga upya. Kifuniko kipya kinateleza: gumba linakisukuma mbele kinafunguka, linakirudisha kinafunga. Hakiondoki, kwa hiyo hakiangukii kwenye shimo la choo, na hilo kwangu lina uzito kuliko urembo wote.

Mwinamo wa mdomo nao una sababu yake. Kwa mwanamke maji yatoke mbele kwenda nyuma, yasirudi kinyume, ili uchafu wa nyuma usifike kwenye njia ya mkojo. Kwa hiyo ubavuni nimeweka alama ya kupapasa, nundu ndogo, ili hata gizani ujue upande upi unaelekea wapi.

Saa 7 mchana

Nimetuma kazi kwenye printa ya 3D, ile inayojenga vitu kwa uzi wa plastiki ulioyeyushwa. Kifuniko kinachapwa kwa PETG, plastiki ngumu, kizibo kwa TPU, plastiki laini inayonyumbuka kama ndala. PLA, plastiki nyingine ya printa, niliiacha mapema japo ndiyo nafuu na ndiyo inayochapika kirahisi: ikifika nyuzi joto 60 hivi inalegea, na kidude kitakachoachwa kwenye gari lililofungwa vioo juani kitarudi kimepinda. PETG inavumilia mpaka karibu 80.

TPU ina tabia zake. Inataka kwenda polepole, na inanyonya unyevu wa hewa. Kwa hewa hii ya Dar, ukiacha uzi wake nje usiku mmoja tu, kesho yake unachapa kitu chenye manyoya. Tunauhifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu. Msione mtu anaokota vipakiti hivyo mkamcheka.

Wali maharage kwa mama ntilie, na jicho kwenye taa ya karakana isije ikazimika. Leo umeme ulikaa.

Saa 9 alasiri

Kikao na msimamizi wangu. Dokta ni mtu wa maswali mafupi. La kwanza: "Vitu hivi si vipo?" Vipo. Toto ya Japani, hao walioleta Washlet mwaka 1980, wanauza hata ya safari inayotumia betri. Hispania kuna kizibo cha kuchomeka chupani kinachofanana na changu kwa wazo. Hoja yangu ni kile alichosema yule mama: nataka kinachofunguka kwa gumba, chenye alama ya kupapasa, na kinachoweza kutengenezwa hapa.

La pili lilikuwa gumu. Akachukua kidude, akakikwaruza kwa ukucha. Sauti ya krrr. Printa hujenga kwa matabaka, langu ni milimita 0.2 kila moja, na kati ya tabaka na tabaka kuna kijifereji. Humo uchafu na vijidudu vinapata makazi. Kifaa cha usafi chenye vifereji ni kichekesho. Nikamwonyesha mpango: hiki ni mfano wa kujaribia umbo tu, cha kumpa mtu akae nacho kitamiminwa kwa silikoni ndani ya kalibu, na kuta za kalibu nitazisugua kwa msasa mpaka zilainike. Akaandika kitu, hakusema ni nini. Ndivyo alivyo.

Saa 11 jioni

Jaribio nyuma ya karakana. Nimetandaza magazeti ya zamani sakafuni na kutia bluu ya kufulia kwenye maji, ili kila tone lijiandikishe. Kichwa chenye tundu moja kubwa kinapiga kwa nguvu na kurusha matone mpaka kwenye viatu. Gazeti likawa na madoa kila pembe. Kichwa chenye matundu matatu ya milimita moja na nusu kinatoa maji mapana, laini, na madoa yanakaa sehemu moja. Nusu lita inadumu kama nusu dakika ukibinya kwa utulivu. Ukilinganisha na kopo, ambalo nusu lita inakwisha kwa mmwago mmoja au miwili, na nusu ya hayo yamelowesha nguo, ni tofauti kubwa.

Kizibo hakikuruka. Mzee wa karakana hakuniambia "nilikwambia", ila alipita mara mbili akitabasamu.

Saa 2 usiku

Mwenzangu wa chumba ndiye mjaribu wangu mkuu, mtoto wa Tanga, hana simile. Ameingia msalani nacho, nikasikia maji, kimya, maji tena. Katoka.

"Kinafungua vizuri, kwa mkono mmoja. Maji yanafika. Sasa niambie, kimelowa hiki, na mimi natakiwa nipande basi. Nakiweka wapi? Karibu na chapati zangu?"

Mfuko wa plastiki hautaki, kitanuka humo. Akachukua kalamu, akanichorea kwenye kona ya daftari kikopo chenye matundu chini, kinachoning'inia nje ya mkoba. Nimempinga: nje ya mkoba kila mtu atakiona. Akasema kipakwe rangi nyeusi, watadhani ni spika ya bluetooth. Tumebishana mpaka wa chumba cha jirani akagonga ukuta.

Kikopo kitakuwa na kipenyo cha ndani cha milimita 34, na kifuniko cha kubinya. Natafuta sabuni nyingine ya mche.