Siku moja maishani mwangu: kupeleka wageni Hell's Gate

Saa kumi na moja asubuhi nishapima oili na upepo wa tairi, chai na mandazi nakula nimesimama. Leo ni Hell's Gate, mbuga ya Naivasha, familia kutoka Ujerumani, na mtoto wao kavaa tisheti ya simba, nikajua tu nitaulizwa lile jiwe la simba la filamu ya Lion King hadi jioni.

Kumi na mbili na nusu tunatoka Nairobi kwa barabara ya juu. Viupoint ya Bonde la Ufa: picha, baridi, wauza kofia za ngozi ya kondoo hawakuachii, haya twende.

Saa tatu Elsa Gate, lango la mbuga. Keshi hawachukui, ni eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, na netiweki ikigoma wageni wanakuangalia kana kwamba serikali ni wewe. Wazazi wakakodi baiskeli, simba si wa kawaida huku ndio maana zinaruhusiwa, ingawa nyati wapo so mimi nafuata nyuma polepole na mtoto kwa gari.

Fischer's Tower ndio tulikaa sana. Ni nguzo ya mawe ya volkano ya mita 25, jina ni la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika 1883, baba akafurahi utadhani ni babu yake, lakini Wamaasai wanakwambia huyo ni bibi harusi aliyegeuka kuangalia kwao akawa jiwe. Mtoto: jiwe la Lion King ndilo hili? Kuna madereva wanasema ndio na tipu inakuja. Mimi sisemi. Wachoraji walikuja huku kweli kabla filamu itoke 1994, mandhari wakaichukua, jiwe lenyewe ni la penseli. Wala hakununa, alikuwa ashaona pimbi, na nilipomwambia ni ndugu wa ndovu akakataa kabisa.

Saa sita korongoni Ol Njorowa. Mama alitaka hapa kwa sababu ya Angelina Jolie na filamu ya Tomb Raider ya 2003 iliyopigwa huku. Kuta nyembamba, maji moto yanachuruzika, ni pazuri jamani, ila mwongoza wageni wa korongo anaangalia mawingu muda wote kwa sababu mafuriko ya ghafla ya 2012 yaliua watu saba humu humu. Likijikusanya wingu hata kule mbali, mnapanda, hakuna mjadala.

Saa nane samaki Kamere, pale kando ya Ziwa Naivasha. Kurudi ni malori ya Mai Mahiu, jam, wageni wote wamelala.

Saa moja usiku nimewashusha. Tipu imekuja nzuri tu bila uongo, nusu imeingia petroli, nusu ni ya kuosha gari maana lile vumbi linaingia hadi kwa redio na kesho alfajiri kuna wa eapoti.