Siku Moja na Mota za Magari ya Mbio ya Rimoti

Saa 12:30 asubuhi. Nafika ukumbini kabla ya madereva. Natandaza taulo mezani, nawasha chuma cha kulehemu, napanga bisibisi na mashine ya kupimia mota. Mimi siendeshi. Nahudumia madereva wawili wa daraja la 17.5 (idadi ya mizunguko ya waya kwenye koili za mota), magari ya saizi ya 1:10 yanayokimbia kwenye zulia, na sehemu kubwa ya siku yangu huishia kwenye jambo moja: taimingi ya mota, yaani umeme uwahishwe kwa nyuzi ngapi kuingia kwenye koili.

Saa 1:15. Ukaguzi. Kwenye daraja letu kidhibiti mwendo, kifaa kinachoipa mota umeme, hakiruhusiwi kuongeza taimingi chenyewe. Taa yake inapepesa ili mkaguzi aone kwamba kimewekwa sifuri. Kwenye madaraja huria kidhibiti hujiongezea nyuzi gari likishashika kasi, na fundi anapanga yote kwa programu. Sisi tuna kifuniko cha nyuma cha mota tu, kinachozungushwa kwa mkono. Ndiyo maana nalipenda daraja hili.

Saa 2:00. Mota ya kwanza iko mezani. Nyuma ya kile kifuniko kuna kibao chenye sensa 3 zinazoisoma sumaku ya rota, ile sehemu ya mota inayozunguka, inavyopita na kukiambia kidhibiti waya upi upewe umeme. Ukikizungusha kifuniko kuelekea kwenye namba kubwa, sensa zinaiona sumaku mapema, na umeme nao unaingia mapema. Kwa nini tuuwahishe? Kwa sababu umeme haujai kwenye koili papo hapo. Rota ikienda polepole, ucheleweshaji huo hauonekani. Ikipita mizunguko 15,000 kwa dakika, umeme usiowahishwa unafika sumaku imeshasogea. Ni kama kusukuma bembea: ukichelewa kidogo tu, nguvu yako imepotea bure.

Lakini kila unachopata kwenye mwendo wa juu unakilipia. Nguvu ya kuondokea kwenye kona inapungua, ampea zinapanda, na joto linafuata. Na joto haliongezeki sawasawa na ampea: umeme kwenye waya ukiwa maradufu, joto linakuwa mara nne.

Nalegeza skrubu 3 za kifuniko, nusu mzunguko tu, kisha nakisogeza hadi alama ya 40. Naiunganisha mashine. Inasoma 43. Nikiangalia waya mmoja mmoja napata 42, 43 na 45, maana sensa hazikukaa sawasawa kwenye kibao. Ndiyo sababu sikubali mtu aniambie “weka 40 kama ya fulani.” Alama iliyochorwa kwenye mota moja haisemi lolote kuhusu mota ya jirani. Naamini mashine, na kwenye mashine naangalia ampea kwanza. Naongeza nyuzi kidogokidogo. Mwanzoni mizunguko inapanda vizuri na ampea zinasogea taratibu. Halafu inafika mahali mizunguko inaongezeka kiduchu huku ampea zikiruka. Narudi nyuma kidogo ya hapo, nakaza skrubu, napima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe huweza kukisogeza kifuniko.

Saa 3:40. Mazoezi. Gari linarudi, nakielekeza kipimajoto kwenye mota kabla dereva hajalifikisha mezani: nyuzi joto 84. Ni nyingi mno. Sumaku ya rota ikizidi kupata moto inapoteza nguvu, na ikivuka kiwango chake, haizirudishi zote hata ikipoa.

Dereva ni kijana, na kilichomvutia ni mlio. “Fundi, umesikia inavyolia mwisho wa njia ndefu? Ongeza kidogo!”

“Nimesikia, mdogo wangu. Na kwenye kona ya pili umeona nani amekuacha?”

Amenyamaza, anafikiria. Kijana huyu ana masikio, na nampendea hilo.

Saa 4:10. Taimingi siigusi. Naigusa gia. Watu wengi wanaiacha hapa: wanaongeza nyuzi, wanabaki na pinioni ileile (gia ndogo iliyo kwenye mota), halafu wanailaumu mota. Mota iliyoongezewa taimingi inataka kuzunguka zaidi, basi mpe gia itakayomwachia azunguke. Gia kubwa ina meno 96, na gari lenyewe lina uwiano wa gia za ndani wa 1.9. Kwa pinioni ya meno 44, mota inazunguka mara 4.15 kwa mzunguko mmoja wa tairi. Naweka ya meno 42, inakuwa 4.34. Nasogeza mota hadi meno yakutane yakiwa na nafasi ndogo kabisa, nazungusha kwa kidole gia nzima kutafuta mahali panapobana.

Saa 5:30. Mchujo wa kwanza, dakika 5. Joto: 71. Mwisho wa njia ndefu gari limepungua kidogo sana, ila kwenye kona linatoka mapema na muda wa mizunguko ya uwanja hauongezeki dakika ya nne na ya tano kama ulivyokuwa unaongezeka asubuhi. Huo ndio muda ninaouangalia mimi. Mzunguko mmoja wa kasi hufurahisha, lakini mbio ni dakika zote 5.

Saa 7 mchana. Nakula nimesimama. Dereva wa pili hana neno. Beringi zake natia tone la mafuta tu.

Saa 9:20. Zulia limeshika zaidi, matairi yanang'ang'ania, mota inafanya kazi nzito. Napunguza nyuzi 2 kwenye ile ya kwanza. Kijana ananitazama bila kuuliza, kisha anachukua bisibisi na kukaza skrubu mwenyewe.

Saa 10:45 jioni. Fainali. Amemaliza wa tatu, joto 73. Naandika daftarini: nyuzi, ampea, meno, joto, hali ya zulia. Tayari ameshaanza kuniuliza kuhusu pinioni ya 43.